Breki Zilikuwa Nzima

Kisumu, Septemba 1998
Alasiri

Achieng mwanangu,

Uko chumba cha pili na nakusikia ukifunga zipu ya begi kwa mara ya nne. Shangazi yako anataka uongeze sweta, wewe unasema begi limejaa. Mambo ya sweta namwachia yeye. Ya chakula, ya kanisa na ya kuandika nyumbani kila mwezi namwachia pia, maana ameyasema tangu Jumapili na bado hajachoka. Mimi nina jambo moja tu. Mjomba wako Okello ameahidi kufika kabla ya saa kumi na mbili, alale hapa, kesho asubuhi akupeleke uwanja wa ndege. Sasa ni saa tisa na nusu. Ukiona herufi zimelala, ujue ni ugonjwa huu. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kumwona, na mimi nimeacha kumuuliza.

Breki za gari lililomuua mama yako zilikuwa nzima.

Nimeiandika sentensi hiyo na nimekaa nikiitazama. Sikuweza kuisema Jumapili, ingawa wewe mwenyewe ulinifungulia mlango.

Unakumbuka ulivyofanya baada ya chakula. Ulichukua sinia, ukalimwagia maji, ukaweka kiberiti juu yake na kukisukuma kwa kidole. Kikateleza.

"Baba, chukulia hili ndilo gari," ulisema. "Dereva amekata kona lakini mkia unatoka nje. Sasa, kila gurudumu lina kifaa kidogo kinachohesabu linavyozunguka. Usukani una chake. Katikati ya gari kuna kingine kinachopima gari lenyewe linageuka kiasi gani. Kompyuta inauliza: huyu anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi? Majibu yakitofautiana, inashika breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na kupunguza nguvu ya injini."

"Gurudumu moja?" nikauliza.

"Moja. Mguu wako una pedali moja, Baba, inashika yote kwa pamoja. Hakuna dereva duniani anayeweza kushika gurudumu moja peke yake."

"Na hiyo kompyuta ina leseni?" shangazi yako akauliza, ukacheka mpaka ukamwaga maji ya sinia mezani.

Ukamwambia si kitu cha watu wa mashindano. Ni cha siku za kawaida. Mtu ametoka sokoni, mvua imenyesha, mwenye baiskeli anamkatia mbele pale Kibuye, anamkwepa kwa haraka na kurudisha usukani kwa haraka. Hapo katika kurudisha, ulisema, ndipo watu wengi wanapinduka. Nilikutazama nikaona kwamba mwanangu amekuwa mwalimu bora kuliko mimi.

Kisha ukanigeukia. "Najua hakingemsaidia Mama. Gari lisilo na breki, hata kompyuta haina cha kushika. Lakini ndiyo sababu ninakwenda kukitengeneza. Yule fundi wa zile breki alinichagulia kazi bila kujua."

Nilisema nimechoka, nataka kulala. Sikulala. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kwamba unavuka bahari kwenda Ujerumani ukiwa na hasira juu ya mtu asiye na hatia, na kwamba hasira hiyo niliipanda mimi ukiwa na miaka minane.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Nyanya yako, mama wa mama yako, alikufa mwezi wa mvua. Kwao ni upande wa Kendu Bay. Wewe tulikuacha kwa jirani kwa sababu ya mitihani ya shule. Unajua kwetu mkwe haendi matangani kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Anakwenda na watu wake na ng'ombe wake na chakula chake. Anapoingia langoni, ukoo mzima umekaa chini ya turubai unamhesabu kwa macho. Mume wa dada yake mama yako, mfanyabiashara ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, alikuwa amekwisha kuingia na ng'ombe wawili na lori zima la kuni na ndizi. Habari zilinifikia Kisumu kwamba watu wanacheka na kuulizana, "Na yule msomi wa Milimani ataleta nini? Chaki?"

Nilikuwa nimetoka darasani miaka miwili kabla, nikawa mkaguzi wa shule, tukapewa nyumba Milimani, mtaa wa wakubwa, nami nikanunua gari. Steshenwagoni nyeupe, yenye keria ndefu juu. Nililipenda gari lile kupita kiasi.

Siku mbili kabla ya mazishi nililipeleka kwa Odongo, fundi aliyefanya kazi nyuma ya soko la Kibuye, chini ya mabati mawili na mwembe usiozaa. Alikuwa fundi mwangalifu. Alibadilisha breki za magurudumu yote manne, akatoa hewa kwenye mabomba, kisha akasema hawezi kunipa ufunguo kabla hajazijaribu. Aliliendesha mpaka mwisho wa soko, akarudi kwa kasi, akakanyaga. Gari lilisimama hapo hapo, pua chini, hatua tatu kutoka kwa mama muuza uji.

"Wewe Odongo!" mama yule akapiga kelele. "Ukiniua, nani atakulisha asubuhi?"

"Mama, sikukuua. Hiyo ndiyo habari njema," Odongo akamjibu, na watu wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Nilimwomba anisaidie kufunga mzigo. Nilikuwa na magunia matatu ya mchele wa Ahero, gunia la sukari na makreti sita ya soda. Aliyatazama, akatazama keria, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, magunia yalale ndani, chini kabisa. Juu tuweke mikeka tu. Gari likibeba uzito kichwani, kwenye kona linakuwa kama mlevi."

"Odongo," nikamwambia, "mchele ulio ndani nani atauona?"

Alikuwa mtu wa kwetu, alijua ninasema nini. "Basi nenda polepole," akasema, na akaufunga mzigo juu kama nilivyotaka.

Achieng, nilifundisha fizikia miaka kumi na mmoja. Kila mwaka kidato cha pili niliweka chupa mezani, nikaweka kitabu juu yake, nikaisukuma ianguke, nikawauliza watoto kwa nini imeanguka mapema kuliko ile isiyo na kitabu. Hakuna mtu katika mkoa mzima aliyejua vizuri kuliko mimi nilichokuwa ninafanya na magunia yale.

Siku ya mazishi watu wangu walitangulia alfajiri na ng'ombe katika pikapu ya rafiki. Mimi na mama yako tulichelewa kwa sababu kamba ililegea nikataka ifungwe upya, magunia yasimame yaonekane vizuri. Mazishi yalikuwa saa nane. Tulipita Ahero saa saba kasoro. Tangu pale nililihisi gari likiyumba. Nikigeuza usukani kidogo, lilikuwa linasita, halafu linakwenda zaidi ya nilivyoliambia. Katito tulifika na mvua. Tulikata kuelekea Kendu Bay, lami ikaisha, tukaingia murram iliyoanza kuwa tope jekundu. Sikupunguza.

"Wuon Achieng, punguza," mama yako akasema. Aliniita hivyo, baba Achieng, hata tukiwa wawili tu.

"Tumechelewa."

"Mama yangu hatafufuka tukifika mapema. Punguza."

"Na mimi nitaonekana vipi nikiingia wakati wanafukia?"

Alishika kishikio cha mlango kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauweka kwenye dashibodi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mama yako. Nitaonekana vipi.

Kona ilikuwa ya kushoto, ya kawaida kabisa, tuliipita mara nyingi. Mkia wa gari ukatoka kwenda kulia. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na breki zikashika, magurudumu yote manne yakafunga, na gurudumu lililofunga halisikii usukani. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Gari likaendelea kwenda lilikotaka. Nikazungusha usukani kulia, nikauzungusha mno, halafu kwa hofu nikaachia breki. Tairi zikapata ardhi ghafla, gari likaruka kulia, na magunia yale juu yakaendelea na safari yao. Tukalalia upande wa kushoto, upande wake, kisha tukapinduka mtaroni. Haikuzidi sekunde tatu au nne. Jumapili ulipokuwa ukisukuma kiberiti kwenye sinia, uliniambia jina la kila kitu nilichofanya, moja baada ya jingine, bila kujua ni mimi.

Watu walikuja kutoka mashambani. Walituvuta nje. Mama yako alikuwa amekwisha kufa, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa bado kimefungwa vizuri. Mwanamume mmoja ambaye sikumjua alisimama akamkinga mvua kwa gunia tupu. Mimi nilikaa kando ya barabara, na mbele ya macho yangu kulikuwa na mifereji minne mirefu kwenye tope, imechimbwa na magurudumu yaliyofunga. Breki zilizokataa haziachi alama kama zile. Ungeletwa pale wewe wa leo, ungesoma barabara ile kwa dakika mbili ukanijua mimi ni nani. Lakini mvua ilizidi. Niliitazama mifereji ikijaa maji, ikilainika, ikipotea, na ndani yangu kitu kikashusha pumzi. Nakiri hata hilo.

Matanga hayakuwa mbali, na mtu alikuwa amekimbia kuwaita. Okello alifika akikimbia, suti ya mazishi imelowa mpaka kiunoni, na wanaume wa kwao zaidi ya kumi nyuma yake. Walikuwa wamemwacha mama yao kando ya kaburi lililo wazi. Alimwona dada yake. Kisha akanijia akasimama juu yangu.

"Shemeji. Ulikuwa unakimbia?"

Niliwatazama wale wanaume. Nilitazama mchele uliomwagika kila mahali, mweupe kwenye tope, na kila mmoja wao alikuwa anauona sasa.

"Breki zilikataa," nikasema.

"Nani alizifunga?"

"Odongo. Wa Kibuye."

Haikuchukua muda mrefu kuliko hapo. Okello alipiga magoti akanikumbatia, akalia begani kwangu, akaniita ndugu yake. Polisi walipofika walikuta neno liko tayari, kila mtu pale analisema, nami nikalirudia.

Wiki iliyofuata, baada ya kuzika wawili, Okello na binamu zake walikwenda Kibuye. Walimwaga vyombo vya Odongo barabarani na kumwita muuaji mbele ya soko zima. Hawakumpiga, kwa hilo namshukuru Mungu. Odongo alinitumia ujumbe kupitia mhubiri mmoja: Mwalimu alete gari, tufungue magurudumu mbele ya watu, kila mtu aone. Ujumbe ulinifikia asubuhi. Mchana huo huo nilitia sahihi gari likatwe vipande liuzwe kama chuma chakavu. Niliwaambia watu siwezi kuvumilia kuliona. Walinionea huruma.

Wateja walimwacha. Nani atampa gari lake fundi wa namna hiyo? Akafunga, akaondoka mjini.

Nilimwona tena mara moja tu. Ulikuwa darasa la sita. Nilikwenda kukagua shule upande wa Nyakach, nikashuka Katito kununua maji, nikasikia injini ya kinu cha kusaga ikizimwa na mtu akiniita, "Japuonj!" Unajua Kijaluo chetu, mwalimu hata akistaafu ni mwalimu. Nikageuka. Alikuwa amejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Mtoto hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo. Yuko darasa la sita."

"Anashika namba ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mungu ni mwema." Alifuta mikono kwa kitambaa, akaisogeza mbele yangu kama anayetaka niikague. "Mwalimu, zile breki nilizifunga kwa mikono hii. Nikazijaribu, ulikuwepo. Lakini lazima nilikosea mahali, kwa sababu mama wa watu alikufa. Kila siku nikisimama hapa, injini ikiunguruma, nazifungua tena kichwani. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kosa silioni. Wewe umesoma. Nisaidie. Ni gurudumu lipi?"

Alikuwa ananiuliza kweli, Achieng. Hakuwa ananitega. Nilikuwa nimemnyang'anya kazi, na kumbe nilikuwa nimemnyang'anya pia mikono yake, hakuiamini tena. Neno moja lingemtosha. Tulikuwa wawili tu, na kelele za soko zingelifunika.

"Yaliyopita si ndwele, Odongo," nikamwambia.

Nilimtupia methali kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Na yeye akasema, "Asante, Mwalimu."

Watu huniuliza ni siku gani mbaya kuliko zote maishani mwangu, wakidhani wanajua. Siku ya kona ile nilikuwa mjinga mwenye haraka, na wajinga wenye haraka ni wengi. Siku ya kinu nilikuwa na muda, nilikuwa na akili timamu, na jua lilikuwa linawaka.

Sasa kuhusu kazi unayokwenda kuifanya. Tangu Jumapili nimejaza kurasa sita za daftari nikijaribu kujua kama chombo chako kingemwokoa mama yako. Ninakadiria kasi, ninakadiria uzito wa magunia, tope siwezi kulikadiria. Mara nyingine jibu linakuja kwamba ndiyo: kingeshika gurudumu la mbele la kulia kabla mimi sijajua mkia umetoka, tungevuka kona ile tumeshtuka tu, mama yako angenitukana mpaka Kendu Bay. Mara nyingine jibu ni hapana, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema hakina mikono mingine zaidi ya tairi, na tairi kipara au tope likiwa halina cha kushika, nacho hakina. Na kuna jibu la tatu ambalo hesabu hailitoi. Ninajijua. Ningekuwa na chombo kile, nikajua kipo chini ya kiti changu kinanilinda, ningekwenda kasi zaidi, na ningeongeza gunia la nne.

Kwa hiyo utakapokuwa kule kwenye meza zenu, mkipima magari kwenye barafu na maji, usimfikirie fundi mzembe. Mfikirie dereva kama mimi, mwenye shahada, anayejua kanuni zote na anayetazamwa na wakwe. Tengeneza chombo chako kimshike huyo. Na kikishamshika, kiwashe taa mbele ya macho yake, kimwambie kwamba sasa hivi alikuwa anakufa, asije akadhani ni ustadi wake.

Nimefikiria kukuachia barua hii ndani ya begi uisome ukiwa angani, ambapo huwezi kurudi. Ningeipenda sana njia hiyo, inafanana na mimi. Lakini nitakupa leo, mkononi. Ninaogopa mambo mawili: kwamba utaahirisha safari, na kwamba hutaahirisha, ila utaondoka bila kunitazama. La kwanza nakuomba usilifanye. Kiti chako kule hakikupatikana kwa sababu ya uongo wangu, kilipatikana kwa sababu unajua kazi. La pili ukilifanya, sitasema kitu.

Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu ni mama yako. Wa pili ni Okello, leo hii, kabla hajala chakula cha nyumba hii. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kuniacha hapa na kwenda zake. Ikiwa hivyo, shangazi yako atatafuta teksi ya kukupeleka kesho, nimekwisha kumwambia bila kumweleza sababu. Wa tatu ni Odongo. Nimeulizia, yu hai, bado yuko kwenye kinu kile. Alhamisi nitakwenda Katito, siku ya soko, watu wakiwa wengi, kwa gari lolote litakalokubali kubeba mgonjwa. Sikutumi wewe. Wala sitatuma barua. Ana haki ya kuniona usoni ninapolisema.

Hapa nilitaka kuandika kwamba ninakupenda, nikaona ni kama kukuomba kitu. Nitaliacha.

Gari limesimama langoni. Ni Okello, amewahi, saa kumi na moja bado. Amepiga honi mara mbili anavyopiga kila akija kukuona, na nasikia viatu vyako ukumbini, unakimbia kumfungulia, unacheka. Nakunja karatasi kabla wino haujakauka.

Nakuita, Achieng. Mwache asubiri hapo nje kidogo. Njoo kwangu kwanza.

Baba yako